Mwaka Kanisa Letu Lilipotaka Kupasuka

Juzi mvua ya kwanza iliupiga ukuta wa udongo wa jirani yangu, ukuta ambao wajukuu zake wanauonea aibu na mie nauonea wivu. Harufu ikapanda mpaka dirishani kwangu. Nyie wa rika langu mnaijua harufu ya udongo mkavu ulionyweshwa ghafla, ile inayomfanya mtu atamani kuulamba ukuta. Wengine huwarudisha shambani kwa bibi zao. Mie hunirudisha kanisani Temeke, tope limenifika viwikoni na moyo unanidunda kwa furaha, nikiamini kabisa kwamba naiokoa nyumba ya Mungu isianguke.

Enzi hizo za Mwingereza, Temeke ilikuwa mikorosho na minazi, na nyumba za makuti zimetawanyika humo kama kuku waliomwagiwa mtama. Wenyeji wetu walikuwa Wazaramo, Waislamu, watu wakarimu waliotuita “watu wa bara” bila ubaya wowote. Sie Wakristo tulikuwa wachache, tulioletwa na kazi: Wapare, Wahaya, Wanyakyusa, Wangoni, makarani na mafundi na wapagazi wa bandarini. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, limepakwa chokaa, na juu yake bati. Mchungaji alikuja kutoka mjini mara mojamoja. Siku nyingine zote tulikuwa chini ya Mwalimu Yeremia, mtu wa Tanga, mrefu na mpole, ambaye Kiswahili chake kilinyooka kama uzi wa fundi.

Baba yangu alikuwa fundi seremala na mzee wa kanisa, na mabenchi yote ya mle ndani aliyapiga randa yeye. Ya wanaume yalikuwa upande wa kulia, ya wanawake kushoto, na katikati palikuwa na njia. Ndivyo ilivyokuwa kwao Upareni, ndivyo ilivyokuwa kwa wazazi wake, na kwa Baba hiyo ilikuwa karibu sawa na kusema ndivyo ilivyo mbinguni. Sie watoto wa kike tulikaa na mama zetu. Nilikuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo Mama aliitwa Mama Namkunda, na mie Namkunda nilitembea kwa maringo kwa sababu jina langu lilikuwa na kazi mbili.

Halafu akaja Karani Zakaria na mke wake.

Zakaria tulimfahamu. Alikuwa kijana wa Kihaya, karani katika ofisi moja kule Kurasini, suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Alikwenda kwao likizo, akarudi na mke anayeitwa Kokugonza, msichana mwembamba mwenye shingo ndefu na macho ya kutazama chini. Jumapili hiyo waliingia pamoja. Kokugonza akaenda kushoto, kama inavyotakiwa. Zakaria naye akaenda kushoto. Akakaa benchi lilelile, bega kwa bega na mke wake, katikati ya kanga na vilemba na watoto wanaonyonya.

Nawaambia, ilikuwa kama mtu ameachia mbuzi ndani ya kanisa! Wanawake wakakazana kujifunika. Mama akanibana mkono. Upande wa kulia nikaona shingo zote zimegeuka, na shingo ya Baba imevimba. Mwalimu Yeremia alikuwa amefungua kinywa kuanzisha wimbo; kikabaki wazi. Na kubwa kuliko yote, mahubiri yalipoanza Zakaria akainama, akaweka mdomo wake kwenye sikio la mke wake, akaanza kumnong’oneza. Alinong’ona mwanzo hadi mwisho. Kokugonza alisikiliza amefumba macho, na mara mojamoja alitabasamu.

Mie nilikuwa nimekaa nyuma yao, na nilijua kabisa kinachoendelea. Alikuwa anamwambia maneno ya mapenzi. Nilishawahi kusikia wasichana wakubwa wakisimuliana kisimani kwamba wanaume wa mjini wana maneno, na hapa maneno yenyewe yalikuwa yanamwagika mbele ya pua yangu, wakati Mwalimu akihubiri habari za Nuhu. Nilisogeza kichwa ili nami nipate walau moja. Sikuambulia kitu, alikuwa anasema Kihaya.

Jumapili iliyofuata karani mwingine akahamia kushoto kwa mke wake. Ikafuata ya pili, wakahamia wengine. Makarani walisema haya ni mambo ya kisasa, na mtu aliyefunga ndoa mbele ya Mungu haoni kwa nini atenganishwe na mkewe mbele ya Mungu huyohuyo. Wazee walisema leo mmekaa pamoja, kesho mtacheza dansi. Nje ya kanisa, baada ya ibada, watu waliokuwa wakisalimiana mpaka jua linawachoma sasa waligawanyika makundi mawili, kila kundi likazungumzia kundi la pili kwa sauti ya kusikika.

“Mie sina ugomvi na mtu,” Baba alikuwa akisema, akiuangalia mwembe uliokuwa kando. “Ila kuna watu hapa wamesoma mpaka adabu imewatoka.”

“Na mie sina ugomvi na mtu,” Zakaria alikuwa akijibu, naye akiuangalia mwembe uleule. “Ila kuna wazee hapa wanadhani Mungu naye ni seremala wa mabenchi.”

Hawakuambiana neno hata siku moja. Waliuambia mwembe.

Sie watoto tulifurahi jinsi ambavyo sijawahi kufurahi tena kanisani. Hapo nyuma ibada ilikuwa kusinzia na kubanwa mkono. Sasa tulikimbilia kanisani asubuhi na mapema tusikose kitu. Wimbo ukianza, kulia waliimba kwa nguvu ili kuwafunika wa kushoto, na kushoto makarani walijibu kwa sauti nne walizofundishwa shuleni, mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Wazaramo walikuja kusimama dirishani kusikiliza. Rafiki yangu Mwanahawa, mtoto wa nyumba ya nyuma ya kanisa, aliniambia babu yake amesema Wakristo mwaka huu wamepata imani kweli.

Mwalimu Yeremia alijaribu. Alihubiri juu ya upendo, kila upande ukageuka kuutazama wa pili, kama kusema umesikia? Alihubiri juu ya unyenyekevu, ikawa hivyohivyo. Nyumbani kwetu chakula cha jioni kikawa kimya. Mama alikuwa amezoeana na Kokugonza kisimani, alikuwa akimsaidia kujitwisha ndoo, na Baba alimwomba apunguze. Kesho yake Mama alimsaidia kujitwisha tena.

Ndipo siku moja Baba akarudi kutoka kikao cha wazee, akatupa kofia yake mkekani, akasema, “Basi. Zakaria na wenzake wanatafuta mahali pao pa kusalia. Kanisa linapasuka.”

“Linapasuka?” Mama akauliza.

“Limeshaanza. Jumapili mbili tatu hizi, utaona.”

Sikulala vizuri. Nililijua lile kanisa. Niliwahi kusaidia kulipaka chokaa. Kulipokucha nikakimbia kwa Mwanahawa nikamweleza habari ilivyo, kwamba kanisa linapasuka, wazee wameshaliona, na wamekaa kikao lakini hakuna aliyechukua jembe. Mwanahawa alikuwa mtoto wa vitendo. Akatazama kanisa, akatazama jiko la mama yake lililokuwa limeegemea ua wa kanisa.

“Likipasuka litaangukia kwetu,” akasema. “Twende.”

Tulizunguka ukuta tukiupapasa kwa viganja, na kweli, chini ya dirisha la upande wa kushoto, tukaukuta! Ufa, jamani, ufa wa kweli, wa kuingia kidole, umepanda kutoka ardhini mpaka dirishani. Mwili ulinisisimka. Baba alikuwa amesema ukweli mtupu, na sasa ni mie na Mwanahawa tuliokuwa tumeuona kwa macho. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo ulikuwa laini. Tukachimba, tukakanyaga kwa miguu tukichanganya na nyasi kavu kama tulivyoona mafundi wakifanya, tukaanza kuziba. Mwanahawa alikuwa ananipa matonge, mie nasukumiza. Tukaimba. Yeye aliimba kaswida aliyofundishwa madrasa, mie nikaimba wimbo wa makarani kwa sauti zote nne peke yangu. Ule ufa ulimeza udongo kama mtu mwenye njaa.

Sauti zetu zilimtoa Mwalimu Yeremia nyumbani kwake, na Baba, aliyekuwa amepita kwake kuendelea na malalamiko, akamfuata.

“Namkunda! Unafanya nini na gauni la kanisani?”

“Shikamoo Baba. Shikamoo Mwalimu. Tunaziba.”

“Mnaziba nini?”

“Kanisa. Ulisema linapasuka. Tumepaona penyewe, na sasa halipasuki tena.” Nikamwonyesha kwa kiganja chenye tope, na kwa fahari ambayo hata leo sijaipata tena katika kazi yoyote niliyofanya.

Mwalimu Yeremia alianza kucheka. Alicheka akaegemea ukuta, kanzu yake nyeupe ikagandamana na kazi yetu mbichi. Lakini Baba hakucheka. Aliuangalia ule ufa, akaniangalia mie, halafu Mwanahawa mwenye tonge mkononi, mtoto wa Kiislamu anayeziba kanisa. Uso wake ukawa wa mtu aliyesahau alichokuwa anataka kusema.

Mama naye alikuwa amefika mbio akidhani tumeumia. Alipoelewa, akamgeukia Baba. Alisema Kipare, kama alivyosema siku zote nyumbani, ila siku hiyo alikisema hadharani.

“Huyu ameona ufa akaenda kuugusa. Wewe umemwendea Zakaria?”

“Kumwendea kufanya nini? Anajua kosa lake.”

“Umemwuliza?”

“Kila mtu ameshamwambia.”

“Sikuulizi aliyeambiwa. Nauliza, umemwuliza? Kule milimani tulifundishwa, ndugu yako akikukosea unakwenda kwake, wewe na yeye, peke yenu. Huendi kwa wazee. Huendi kwenye mwembe.”

Baba alivaa kofia yake. Kisha akanishika mkono, na tope langu lote, akaanza kutembea. Nadhani alihitaji mtu wa kwenda naye ambaye asingemjibu. Nami nilirukaruka pembeni yake njia nzima, maana nilikuwa nakwenda kuona vita vyenyewe, uso kwa uso, na watoto wengine wote walikuwa wamekosa.

Tulimkuta Kokugonza peke yake barazani, anachambua mchele. Alipomwona Baba alipiga magoti, mchele ukamwagika.

“Hujambo, mama,” Baba akasema, sauti imemkauka. “Habari za hapa?”

“Ndiyo, mzee.”

“Umeshaizoea Temeke?”

“Ndiyo, mzee.”

“Mwenyewe yuko?”

“Ndiyo, mzee.”

Tukangoja. Hakuna aliyetoka. Baba akauliza tena, taratibu, “Mumeo, Zakaria, amekwenda wapi?”

“Ndiyo, mzee,” Kokugonza akasema, na jasho likamtoka juu ya mdomo.

Nilihisi mkono wa Baba ukilegea juu ya wangu. Hakuuliza tena. Alichuchumaa na suruali yake ya kazi, akaanza kuokota mchele uliomwagika, punje kwa punje, akiutia kwenye ungo. Nami nikachuchumaa. Kokugonza akatutazama kwa hofu, kisha naye akaokota. Ndivyo Zakaria alivyotukuta alipotoka nyuma ya nyumba na ndoo ya maji mkononi: mke wake, mzee wa kanisa, na mtoto wa tope, wanaokota mchele.

“Mzee,” Zakaria akasema bila kuitua ndoo. “Umekuja kutufukuza?”

“Nimekuja kuuliza,” Baba akasema, bado amechuchumaa. “Kanisani unamwambia nini mkeo?”

Zakaria akatua ndoo. Alimtazama Kokugonza, wakasemezana Kihaya, yeye anakataa kwa kichwa, mume anabembeleza. Mwisho yule msichana akafunika uso kwa kanga, lakini kichwa kikakubali.

“Namwambia mahubiri, mzee. Hajui Kiswahili. Anajua ndiyo na hapana, na hapana anaogopa kuitumia. Aliniomba nisiseme, maana wanawake wa hapa wangemcheka. Kwao aliongoza kwaya. Hapa ni kama bubu. Ningemwacha akae peke yake, asikie kelele tu, Jumapili hadi Jumapili?”

Maskini mie! Maneno ya mapenzi yote niliyowatungia yakayeyuka pale barazani. Ilikuwa ni Nuhu tu. Ilikuwa ni Nuhu na safina yake, muda wote ule.

Baba aliitia punje ya mwisho kwenye ungo. Kisha akasema, “Mbona hukuniambia?”

“Mbona hukuniuliza?”

“Kweli,” Baba akasema. “Kweli kabisa. Nisamehe.”

“Nisamehe na mimi, kwa lile la mabenchi.” Zakaria akajikuna shingo. “Lakini mzee, nisikudanganye. Kiswahili akishajua, bado nitataka kukaa naye. Napenda tu.”

Baba akasimama, akajipangusa magoti. Nilimwona anapigana na uso wake. “Hilo la pili,” akasema, “tutaligombania vizuri, mimi na wewe, tukitazamana.”

Jumapili hiyo, kabla ya wimbo wa kwanza, Kokugonza alisimama. Alikuwa amekubali kusema mwenyewe, na mume wake akayageuza maneno yake kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika kanisa zima. “Anasema: Nawasikia mkicheka, nami nataka kucheka. Nawasikia mkiomba, nami nataka kuomba. Sauti ya Mwalimu naipenda. Ni kama mvua juu ya bati, lakini sijui inanyesha shamba la nani.”

Hakucheka mtu. Baba akasimama upande wa kulia, kofia mikononi, akasema yeye ndiye aliyewasha moto huu bila kuuliza, na sasa anauliza. Je, mle ndani kuna mwingine ambaye mvua inanyesha juu ya bati tu?

Mwalimu Yeremia alikuwa anatabasamu, maana aliamini anawajua watu wake. Wengi walikuwa wamekaa pwani miaka. Kisha mama mmoja wa Kinyakyusa akainua mkono. Akafuata Mngoni wa bandarini, mtu mwenye mabega kama mlango. Mikono ikapanda, kushoto na kulia, mmoja ukiuvuta mwingine, na tabasamu la Mwalimu likashuka polepole jinsi mikono ilivyopanda. Nami nikageuka niihesabu, nikaona mkono wa karibu kabisa, wenye kovu la jiko ninalolijua. Ulikuwa wa Mama.

“Mama Namkunda?” Baba akasema. Kanisa zima likasikia.

“Cha sokoni ninacho,” Mama akajibu kwa Kiswahili, polepole, ameinua kidevu. “Cha kuuliza bei ya samaki, ninacho. Cha kugombana na mchuuzi, ninacho tele. Lakini Mwalimu akisema upatanisho, mie naitikia tu amina.”

Miaka yote walikuwa wakirudi nyumbani kutoka kanisani, Baba akisema mahubiri ya leo yalikuwa mazito, na Mama akisema, mazito sana.

Hawakumaliza siku ile. Walibishana mpaka jua likapita utosi, na mie sikutaka kutoka, kwa sababu sasa walikuwa wanabishana kwa majina, Mzee fulani akimjibu karani fulani, macho kwa macho, na watu wakicheka katikati ya hasira. Mwisho wakakubaliana kwamba kila mtu atakaa pale atakaposikia. Mzee Yohana, mkubwa kuliko wote, alisema yeye anasikia vizuri hapohapo alipo na atakaa upande wa kulia mpaka azikwe. Wakamwachia benchi lake, na wajane wawili wakahamia kukaa naye kwa sababu benchi lile lilikuwa na egemeo. Hakuwafukuza. Ule mpango wa makarani wa kutafuta mahali pao haukutajwa tena.

Na Jumapili iliyofuata! Laiti mngelisikia kanisa letu. Mwalimu Yeremia alisema sentensi, akangoja, na nyuma ya sentensi yake kikapita kinong’ono cha Kihaya, cha Kinyakyusa, cha Kingoni, kama nyuki waliopata maua mapya. Alisema nyingine, akangoja tena. Watu walicheka kwa zamu, benchi hili mwanzo, lile baadaye. Kokugonza alicheka kwa sauti, na wanawake wakageuka kumtazama, nao wakacheka kwa sababu yeye anacheka. Mie nilikuwa nimebanwa kati ya Mama na ukuta, na upande wa pili wa Mama alikaa Baba, magoti yamebanwa pamoja, masikio yanamwaka moto kwa aibu, akimnong’oneza Kipare.

Mwalimu alikuwa anasimulia habari za yule mwana mpotevu. Baba akanong’ona jinsi kijana alivyoondoka, alivyokula pamoja na nguruwe, alivyorudi, baba yake alivyomkimbilia. Mama alisikiliza amekunja uso, hakuitikia amina hata moja. Kisha akamvuta Baba sikio karibu, naye akamnong’oneza. Baba akatikisa kichwa. Mama akanong’ona tena, kwa nguvu zaidi. Baba akajifanya hakusikia. Mama akamfinya paja, nilimwona.

Baba akaangalia dari. Akaangalia makarani, akawaangalia wazee wenzake. Kisha taratibu, kama mtu anayeinua mbao nzito, akasimama katikati ya wanawake na kuinua mkono.

“Mwalimu, samahani,” akasema. “Mke wangu anauliza, mama yake yule kijana alikuwa wapi?”